Aliyenitukania Mama kwenye Drafti

Drafti nilifundishwa na baba, kijijini kwetu nje ya mji wa Njombe, kwenye ubao aliouchora kwa mkaa juu ya kipande cha mbao. Visoda vya kuchezea vilikuwa adimu kijijini, kwa hiyo upande mmoja tuliweka punje za mahindi na upande wa pili maharage. Kete ikifika mwisho wa ubao na kuingia kingi, tuliiondoa na kuweka mbegu ya boga mahali pake. Baba alikuwa mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya kanisa letu la Kilutheri, na akicheza alikuwa anaguna sehemu yake ya besi bila kutamka maneno. Hakunicheka nikifungwa. Nikimfunga yeye, alitikisa kichwa, akachukua jembe au kamba, akaenda kwenye kazi nyingine. Nikakua nikidhani drafti ni mchezo wa watu wapole.

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakunifikisha mbali. Shangazi yangu aliyekuwa anakaa Kitandililo, pembeni mwa Makambako, akaniita huko, akasema mjini hakukosekani kazi. Ilikuwa miaka ambayo kila mtu alikuwa anafungua kitu. Baba alizoea kutusimulia jinsi walivyopanga foleni ya sabuni na sukari kwenye duka la ushirika, na sasa pale Makambako ulipiga hatua mbili ukakuta duka la spea, hatua mbili tena ukakuta mitumba, kisha kibanda cha kuchaji simu, kisha mtu anauza redio kutoka Dubai. Shangazi alinipeleka kwa mzee mmoja mwenye malori ya mbao, Mwislamu aliyekuja zamani kutoka Kondoa akalowea. Alikuwa amefungua kafe ya intaneti ubavuni mwa duka lake la spea, na alitaka msichana anayejua Kiingereza kidogo na asiyeogopa mashine.

"Unajua kompyuta?" aliniuliza.

"Sijui, Mzee. Nitajifunza."

"Vizuri. Wanaojua wote wameshaniharibia moja moja."

Kompyuta zilikuwa za mitumba, herufi nyingine zimefutika kwenye kibodi. Makambako ina upepo, na upepo ule ukivuma kiangazi vumbi linaingia hata mahali ambapo hakuna tundu. Kila asubuhi nililowesha gunia nikaliweka mlangoni, nikafuta vioo, ndipo nikaunganisha laini. Wateja walikuwa madereva wanaotaka kuandika barua pepe kwa matajiri wao, wafanyabiashara wanaotafuta injini, na wanafunzi wa sekondari ambao walikuja watatu kwenye kiti kimoja. Wengi walinituma niwaandikie. Nikajifunza kwa namna hiyo, kwa kuandika shida za watu wengine.

Adhuhuri Mzee alikwenda msikitini, wateja walikwenda kula, na kafe ilibaki tupu. Wale wanafunzi ndio walionionyesha ukurasa wa michezo. Unajiandikisha kwa jina lolote unalotaka, unachagua meza, na mtu aliye popote duniani anakaa upande wa pili. Nilipoona kuna drafti, nilivuta kiti. Nilijiandikisha kwa neno la Kiingereza la mvua, kwa sababu siku ile ilikuwa inanyesha. Nikamwomba Mzee ruhusa ya kucheza muda ule wa mchana.

"Mashine ikikaa bure nayo inakula umeme," alisema. "Cheza. Mteja akija, simama."

Mwanzoni nilifungwa na kila mtu. Sheria za kule zilikuwa tofauti na za kwetu: kingi wa kwetu anakimbia ubao mzima kwa mkupuo mmoja, kingi wa kule anakwenda hatua moja moja. Nilikuwa nakimbilia kuingia kingi kisha nashangaa kwamba hana miguu. Lakini sikuwa na haraka. Baada ya wiki chache nikaanza kushinda, mara moja moja, kisha mara nyingi.

Ndipo nikakutana na yeye.

Alijiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mchinjaji. Chini ya ubao kulikuwa na kisanduku cha kuandikiana, na wapinzani wengi hawakuandika kitu, au waliandika salamu ya maneno mawili. Huyu aliandika kabla sijasukuma kete ya pili. Aliniuliza kama ninacheza kwa kutumia miguu. Nikasukuma. Aliandika kwamba ng'ombe aliyefungwa macho angesukuma vizuri kuliko mimi. Alinifunga, akaandika neno moja ambalo sikulijua. Nikachukua kamusi yangu ya shule kutoka kwenye mkoba, nikatafuta, halimo. Nikamwuliza mmoja wa wale wanafunzi waliporudi. Alisoma, akaangalia pembeni.

"Dada, hilo usilitamke," alisema. "Hata kwa Kiingereza usilitamke."

Nilikaa na lile neno jioni nzima, nikichambua mboga za shangazi. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa nimemfanya kitu. Hatujuani, hajaniona, sijamkanyaga, na ameamka huko alikoamkia akanichagulia neno ambalo halimo hata kwenye kamusi.

Kesho yake alikuwepo tena, na keshokutwa yake. Nilikuwa na uwezo wa kuchagua meza nyingine. Wanafunzi waliniambia hivyo, hata Mzee aliniambia. Lakini kila nilipofikiria kuhama niliona kama nampisha mtu njiani wakati njia inatutosha wote wawili. Nikasema nitakaa pale pale mpaka nimfunge.

Kwanza nilijaribu kumjibu. Wanafunzi walinifundisha matusi ya Kiingereza, walifurahi mno kuwa walimu, na mimi nikayaandika. Yeye alikuwa na mengi zaidi. Wakati mimi natafuta herufi kwenye kibodi iliyofutika, yeye ameshanila kete mbili. Siku moja Mzee alirudi msikitini mapema akanikuta nimekunja uso, nagonga kibodi kwa vidole viwili.

"Binti, unagombana na nani?"

"Na mtu, Mzee."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sijui, Mzee."

Alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. "Mimi nimegombana na watu wengi," alisema, "madereva, maofisa wa mizani, mashemeji. Lakini wote nilikuwa nawaona. Kibodi hiyo ukiivunja utanieleza umeivunja kwa kichwa cha nani."

Niliacha kujibu. Nikakata kipande cha boksi la spea, nikakibandika kwa gundi ya karatasi chini ya kioo, pale palipokuwa na kile kisanduku, nisiyaone maneno yake. Kilinisaidia siku mbili. Siku ya tatu nilijikuta nakiinua pembeni kwa ukucha, nichungulie tu, na nikaona boksi halina faida ikiwa nalipekua mwenyewe. Nikalibandua.

Kisha umeme ukakatika. Ilikuwa siku ambayo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemzidi kete, na moyo wangu uko juu, mara kioo kikawa cheusi, feni ikalala. Umeme ulirudi jioni. Nilipoingia kesho yake alikuwa ananisubiri. Aliandika kwamba mimi ni mwoga, nimekimbia, na kwamba mama yangu angekuwa na akili asingezaa kiumbe kama mimi. Halafu akaongeza mengine juu ya mama ambayo siwezi kuyaweka hapa.

Mama yangu muda ule alikuwa shambani kwake, bila shaka, amefunga kanga kiunoni, anapalilia viazi. Nilisimama, nikatoka nje, nikashika ukuta. Upepo ulikuwa unarusha mifuko ya plastiki barabarani. Utingo mmoja aliyekuwa anafunga turubai la lori aliniuliza, "Dada, vipi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Nikarudi ndani, nikakaa, nikasukuma kete.

Siku ile nilifungwa, lakini niliona kitu. Nilikuwa nimetulia kwa hasira, ile hasira inayomfanya mtu awe baridi, na nikawa nayasoma maneno yake kwa makini, moja moja, pamoja na ubao. Nikagundua kwamba hatukani wakati wote. Akiwa na njia safi alinyamaza. Akiona pembe moja ya ubao wake imelegea, tusi lilikuja. Akisukuma kete ya mashaka, tusi lilikuja refu zaidi, kama anataka nitazame maneno nisitazame kete. Nikaanza kuyatumia. Kila alipoandika, sikujiuliza kasema nini. Nilijiuliza kwa nini ameandika sasa, na macho yangu yakaenda kutafuta pale anapoficha.

Ilinichukua muda, kwa sababu alikuwa mchezaji hasa. Lakini alianza kupungukiwa mbinu. Mchezo mmoja tulitoka suluhu, naye hakuandika kitu chochote, akaondoka. Wiki iliyofuata tulitoka suluhu tena. Na siku moja, mvua inapiga bati kiasi kwamba sisikii hata mashine, aliandika tusi refu kuliko yote. Nikalifuata mpaka nilipoiona ile kete yake ya pembeni iliyosimama peke yake. Nikamtegea moja, akala. Mimi nikala tatu. Hakuwa na pa kwenda.

 Kisha kwenye kisanduku likatokea neno moja.

Lilikuwa la Kibena, lugha ya nyumbani kwetu.

Nililisoma mara nyingi, nikidhani ni herufi zimejipanga zenyewe. Ni neno ambalo kwetu likitamkwa, mkubwa yeyote aliye karibu anainuka na fimbo. Hakuna Mzungu anayelijua, wala mtu wa Dar es Salaam halijui. Aliyeliandika alilinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Limemtoka kwa uchungu wa kufungwa, kama mtu anayejikwaa kidole akalia kwa lugha ya kwao.

Nilianza kucheka peke yangu ndani ya kafe, na kabla sijamaliza kucheka nikahisi mwili unapata joto. Miezi yote ile nilikuwa namfikiria mtu wa mbali, wa nchi yenye theluji, ambaye hajui kwetu wala mama yangu. Huyu alikuwa jirani. Labda tumesali kanisa moja. Labda tumepanda lori moja la viazi. Nikaandika, taratibu, ile salamu yetu ya kila siku:

"Kamwene."

Aliondoka mezani papo hapo, yeye aliyeniita mwoga.

Alipotea kwa siku kadhaa. Aliporudi hakusukuma kete. Aliandika kwa Kiswahili.

"Uko wapi?"

"Makambako. Wewe?"

Nilisubiri mpaka mteja akaja, nikamhudumia, nikarudi.

"Njombe," alikuwa ameandika.

"Nitakuja Jumamosi," nikaandika. "Tafuta ubao."

Nikafunga ukurasa kabla hajajibu.

Shangazi aliponisikia aliona nimepungukiwa akili. Msichana anasafiri kwenda kumtafuta mtu asiyemjua, aliyemtukana? Nilimwambia naenda mchana, mjini, nikiwa na dereva wa Mzee. Mzee mwenyewe alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Unakwenda kupigana au kucheza?" Nikamwambia kucheza. Akamwambia dereva wake, aliyekuwa anapanda Njombe kufuata mbao, anichukue na anirudishe.

Tulifika ukungu haujaondoka. Nilikuwa nimevaa sweta la shangazi lililonizidi, na bado meno yaligongana. Njombe wakati ule kafe za intaneti zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Nikaingia ya kwanza, ile ya kando ya barabara kubwa. Ndani alikuwepo mama mmoja amevaa sweta mbili na kofia ya kufuma. Nikamsalimia, nikamwuliza kama ana mteja anayecheza drafti kwenye kompyuta.

"Yule wa duka la dawa," alisema bila kufikiri. "Huja mchana akifunga kwenda kula. Mtu mstaarabu sana. Akimaliza anaifuta kibodi kwa kitambaa chake."

Alinielekeza. Duka lilikuwa karibu na soko, dogo, limepakwa rangi nyeupe, kuna watu watano sita wamesimama mlangoni. Nyuma ya kaunta alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, koti jeupe, sauti ya chini. Alikuwa anamhudumia bibi mmoja aliyetoka Mawengi, safari ndefu, na bibi alikuwa anarudia maswali yale yale naye anarudia majibu yale yale, bila kuchoka.

"Bibi, hiki jua likichomoza. Hiki jua likizama. Nakuchorea, uone."

Akachukua bahasha ya dawa, akachora jua lenye miale juu ya mstari, na pembeni jua lililozama nusu. Akampa kwa mikono miwili.

Bahasha ile niliijua. Nyumbani kwetu, kwenye kabati la mama, kulikuwa na bahasha zenye jua lile lile. Mama hakusoma, na tangu alipoanza dawa za presha alikuwa anatuambia habari za kijana wa dawa wa Njombe, jinsi anavyomchorea, jinsi anavyomwuliza hali ya miguu yake. Alikuwa anamwombea kwenye sala za jioni, pamoja na sisi watoto wake.

Nilisubiri zamu yangu. Watu walipungua. Alinitazama kwa upole.

"Karibu, dada. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kucheza," nikasema. "Nimetoka Makambako."

Alikuwa anafunga mfuniko wa kopo. Mkono ulisimama. Alitazama nyuma yangu, nadhani akitegemea kuona kaka zangu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Dada yangu..." Alikaa kwenye kiti cha nyuma, akasimama tena. "Nilidhani wewe ni Mzungu."

"Na Mzungu hana mama?"

 Nikamwambia mama yangu ni nani, wa kijiji gani, anakuja siku gani za soko. Sikupandisha sauti, kwa sababu mteja mwingine alikuwa amefika mlangoni. Nilimwona akimkumbuka, uso wote ulishuka. Akamhudumia yule mteja, akamhesabia vidonge mara mbili, akamwambia pole, kisha akafunga nusu ya mlango.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe sana. Watu wanaingia hapa tangu asubuhi, huyu anasema nimempa dawa mbaya, huyu ananiita mwizi kwa sababu bei imepanda, na mimi nasema ndiyo mama, pole baba. Kule nilikuwa naona hakuna mtu. Naona jina tu. Naandika, inatoka, narudi kazini."

"Kulikuwa na mtu."

"Naona."

"Sikufuata samahani," nikamwambia. "Ubao uko wapi?"

Alikuwa nao, chini ya kaunta, ameukata kwenye plaiwudi na kuupaka rangi vizuri, na visoda vya aina mbili kwenye kopo la maziwa ya unga. Tukakaa kwenye benchi, mlango nusu wazi. Kabla hajasukuma nilimwambia sharti langu: akishikwa, akijisikia kutukana, atukane, lakini anitazame usoni na aseme kwa mdomo. Aliinamisha kichwa. Akasukuma.

Nilikuwa nimejiandaa kusikiliza, na hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Alicheza kimya. Nilitafuta pale anapoficha, nisione alama. Tulicheza kwa sheria za nyumbani, kingi anakimbia, na kingi wake alinitokea kutoka pembe nisizozitarajia. Alinifunga. Tukapanga tena, akanifunga. Nikagundua, nikiwa nimekaa pale na mikono yangu imekufa ganzi kwa baridi, kwamba mdomo wake ndio uliokuwa unamharibia mchezo. Bila matusi alikuwa bora kuliko mimi, bora kuliko baba, bora kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye.

Honi ya lori ilipolia nilikuwa nimefungwa michezo yote. Nilisimama nikamwambia, "Nitarudi."

"Karibu," alisema, na nilijua anamaanisha.

Niliporudi Makambako, Mzee alikuwa ananisubiri kwenye mlango wa duka la spea.

"Umempiga?"

"Amenipiga, Mzee. Vibaya."

"Amekutukana?"

"Hapana."

Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa umerudi na nini?"

"Nitakwenda tena lori likienda."

Na nilikwenda. Kila lori lilipopanda kufuata mbao Jumamosi, nilikuwa mbele pamoja na dereva. Siku za katikati nilicheza mtandaoni na watu wa kila aina. Wapo walionitukana tangu salamu. Niliyasoma matusi yao kama mtu anavyoangalia mawingu kabla ya kuanika nguo, nikasukuma kete. Mchana mmoja nilimkuta yule wa dawa kwenye meza ya mtu mwingine, anamwandikia mgeni wa watu maneno yale yale ya zamani. Ukurasa ule uliruhusu watazamaji. Nikaingia nikaandika, "Kamwene." Maneno yakakatika katikati. Baada ya muda kidogo akamwandikia yule mgeni kwamba amecheza vizuri. Ilinibidi nifanye hivyo mara nyingine tena, na nyingine, kwa sababu tabia haiishi kwa samahani moja, lakini kila mara alinyamaza haraka zaidi.

Krismasi nilikwenda nyumbani. Mama alinionyesha bahasha zake mpya, akanisifia tena kijana wa dawa, nami nikasema ndiyo mama, ni mtu mzuri. Sikumwambia lolote, wala sijawahi kumwambia. Usiku wa sikukuu niliketi na baba jikoni tukapanga mahindi na maharage. Nilimwonyesha jinsi yule mtu anavyomtumia kingi kutoka pembeni. Baba aliacha kuguna besi, akatazama muda mrefu.

"Huyo anakuvuta katikati," alisema. "Usiende katikati. Mwache aje yeye."

Tulilijaribu mpaka mama akatufukuza tukalale.

Mvua za masika zilikuwa zimekolea nilipopanda tena Njombe. Duka lilikuwa na wateja wengi kwa ajili ya mafua, na tulicheza kwa vipande, anasimama, anahudumia, anarudi, na mimi nakaa na ubao nikiutazama kana kwamba nimeajiriwa kuulinda. Sikwenda katikati. Alinivuta kwa kete moja, nikaiacha. Akanivuta kwa nyingine. Nilisukuma zile za nyuma, polepole, nikamwachia uwanja wote anaoupenda. Aliingia kingi kabla yangu na nikaona ameridhika. Kisha akamtoa kingi wake pembeni kwa mara ya kwanza, hatua moja mbele ya mahali alipopaswa kubaki.

Niliweka kete yangu mbele yake. Sheria ni lazima ale. Alitazama. Nilimwona akihesabu, kisha nikaona shingo yake inabadilika rangi, midomo ikaanza kucheza. Neno lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi.

"Sema," nikamwambia. "Nimekaa hapa, nakusikiliza."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, kwa mafua ya wateja au kwa kitu kingine. Akafunga mdomo. Akaipitisha ile hasira kooni, nilimwona kabisa akiimeza, na alipofungua tena mdomo alisema kwa Kibena, kwa sauti ile anayowasemea wagonjwa, "Umenikamata, dada."

Akala ile kete, kwa kuwa lazima. Nikamla kingi wake na kete mbili zilizofuata, nikasimama kwenye mstari wake wa mwisho.

Mteja mmoja aliyekuwa anatutazama mlangoni, mzee mwenye koti la mvua, aliuliza, "Amefungwa?"

"Nimefungwa, baba," alijibu yeye mwenyewe. "Ingia, nikupe dawa."

Nilibaki kwenye benchi. Nilidhani nitapiga kelele, au nitatoka mbio kwenda kumwambia dereva. Badala yake nikavirudisha visoda kwenye kopo. Alipomaliza na yule mzee alikuja akakaa, akavimwaga visoda vyote kwenye plaiwudi, akaanza kutenga vyangu na vyake. Nje dereva alipiga honi, akapiga tena kwa muda mrefu. Nikachungulia mlangoni nikamwonyesha kwa mkono akafunge mbao zake vizuri kwanza, mvua itamkuta njiani. Nilipogeuka, upande wangu ulikuwa umeshapangwa, naye amesukuma kete ya kwanza.